Nani Alimzika Bramwel

Bramwel Khisa aliaga dunia Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mahindi ya Kachibora yakiwa yanafika magotini. Presha, daktari alisema. Alikuwa dereva wa greda la serikali, mtu wa kulainisha barabara za mawe kutoka Kitale kupanda upande wa Cherangany. Mvua ikiziharibu anarudi kuzilainisha tena, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Kwa kweli hakuna aliyewahi kumsikia akisema mengi. Alikuwa mpole hivi kwamba wenzake kazini walikuwa wakimsahau kwenye mikutano, wanafunga mlango, yeye akiwa bado ndani.

Aliacha mke, Wilkista, anayeuza maziwa na mayai soko la Kachibora, na kijana mmoja, Kevin, ambaye ni askari wa ulinzi huko Qatar na hakupata ruhusa ya kuja kumzika baba. Aliacha pia dada yake mkubwa, Nelima, ambaye watu wa Kabuchai, kule Bungoma, humwita Mama Emmy. Huyu Nelima alikuwa kinyume cha ndugu yake kwa kila kitu. Ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani, na hakuna matanga Kabuchai nzima ambayo hajashika maikrofoni.

Wilkista alitaka mumewe azikwe Kachibora, kwenye shamba walilonunua pamoja na kupanda miti pamoja. Nelima alisema mtoto wa Khisa hulala karibu na babake, Kabuchai, na kwamba miti si sababu. Kamati ya mazishi ilikaa, ikasikiliza pande zote mbili, yaani ikamsikiliza Nelima mara mbili, na Bramwel akapelekwa Bungoma.

Tangu siku ile ya mazishi wanawake hao wawili hawakusemezana. Nelima aliwaambia watu wote kwamba mjane aliona bora kukaa ndani ya nyumba akiwa amenuna kuliko kutoka nje amzike mumewe, kwa sababu alishindwa ile kesi ya mahali pa kuzikia. Wilkista hakumwambia mtu lolote. Matanga yalipoisha alirudi Kachibora kwa ng'ombe wake.

Ni mfanyakazi mwenzake Bramwel, mzee mmoja anayeitwa Kimaiyo, aliyemletea habari kwamba serikali ina msaada wa mazishi kwa familia za watumishi wake. Alimwambia aende Kitale mjini, ofisi ile ya ghorofani, na abebe cheti cha kifo, kitambulisho na barua ya chifu. Wilkista hakuwa mtu wa kupenda ofisi. Lakini kaburi lilikuwa bado ni udongo mtupu, na mvua ya Bungoma anaijua. Alitaka walau limwagiwe simiti. Akavaa sweta lake zuri, akaenda.

Ofisini alimkuta kijana mmoja mstaarabu, Kiplagat, ambaye alimpa kiti kabla hata ya kumuuliza shida yake. Kiplagat alipokea zile karatasi, akaandika jina la marehemu kwenye kompyuta, kisha akakunja uso.

"Mama, pole," akasema. "Huyu mzee ameshaombewa."

"Ndio, aliombewa," Wilkista akajibu. "Padri alikuwa, na wachungaji wawili."

"Hapana, mama. Namaanisha msaada umeshaombwa. Kuna mtu mwingine ameomba, Bungoma."

Wilkista aliuliza ni nani, ingawa moyoni alishajua. Kiplagat akageuza kompyuta amwonyeshe: Nelima Khisa, dada wa marehemu. Kisha akamweleza taratibu, kama mtu anayembeba mgonjwa, kwamba msaada huu hupewa mtu mmoja tu, yule aliyesimamia mazishi. Wakiomba wawili, mashine inafunga faili mpaka wote waje mbele ya afisa, kila mmoja na ushahidi wake. Kwa kuwa Bramwel alikuwa akifanya kazi Kitale, wangekutana hapo hapo Kitale, Alhamisi ya wiki inayofuata.

"Kwa hiyo mtu anataka kujua nani alimzika Bramwel," Wilkista alisema.

"Ni hivyo, mama."

Wilkista alifunga karatasi zake ndani ya leso, akashuka ngazi. Alikuwa amekasirika hivi kwamba alifika stendi, akaipita, akajikuta barabara ya Eldoret akitembea peke yake.

Nelima alipigiwa simu na ofisi akiwa Kanduyi akinunua kabeji. Alishangaa zaidi kuliko alivyokasirika. Yeye alikuwa ameomba ule msaada kwa roho safi kabisa, kwa kuwa ndiye aliyemzika Bramwel na kila mtu alimwona. Yeye alichagua jeneza. Yeye alitafuta ng'ombe wa kuchinja, wapishi, kwaya, na hata mvua ilipotishia, yeye ndiye aliyesimama uwanjani akaikemea, nayo ikaenda kunyesha kwa jirani. Sasa mtu ambaye hakutoka hata mlangoni anataka kuitwa aliyesimamia mazishi.

Ushahidi aliutafuta mara moja. Aliacha kabeji kwa muuzaji, akapanda bodaboda mpaka mjini Bungoma, kwa Abdikarim.

Abdikarim ana duka nyuma ya msikiti, na humo mna kila kitu kinachohitajika kwa mazishi isipokuwa marehemu: tenti, viti, spika, sufuria kubwa, jenereta, na kamera. Yeye ni Mwislamu, lakini kwa miaka aliyokaa nyuma ya kamera kwenye mazishi ya Wakristo amezijua nyimbo zao zote za kuaga, na kwaya ikikosea ubeti hukunja uso. Mkewe Sabiha ndiye hukaa kwenye kompyuta kuzitengeneza video.

Sabiha alimwambia Nelima kwamba ile video bado haijaisha. Mwanzo umetiwa maua na maandishi, lakini sehemu nyingine zote ni vile zilivyotoka kwenye kamera. Nelima alisema hata hivyo anaitaka, na anaitaka leo.

"Basi ngoja nikate mwisho," Sabiha akasema. "Mwisho huwa tunakata. Abdikarim akienda kula anaacha kamera kwa stendi, inaendelea kuchukua tu."

Nelima alikataa. Wakikata kitu, yule mwanamke atasema video imechezewa. Alitaka yote, kutoka gari la maiti linapoingia mpaka mtu wa mwisho anapotoka. Sabiha akamtazama mumewe, mumewe akainua mabega, na video nzima ikatiwa kwenye flashi. Nelima aliifunga kwenye kona ya kitambaa chake cha kichwa kwa mafundo mawili, akaenda kuchukua kabeji zake.

Siku ya Alhamisi ilipofika, walikutana kwenye ngazi za ofisi. Walisalimiana kwa vile kuna watu wanaotazama. Nelima alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, nyeupe mpaka viatu, na alikuja na Abdikarim kama shahidi. Wilkista alikuja na karatasi zake ndani ya leso.

Kiplagat alikuwa na mkubwa wake siku hiyo, Bi Chepchumba, mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Chepchumba alisema waanze na yule aliyetangulia kuomba. Nelima alisimama, ingawa hakuambiwa asimame, akaeleza jinsi alivyoendesha mazishi tangu mochari mpaka kaburini. Alieleza ng'ombe, jeneza, kwaya na mvua. Kisha akaja kwenye chakula, na hapo ulimi wa nyumbani, wa Kibukusu, ukamponyoka kidogo.

"Na kalamu yote," akasema, "kalamu yote ilikuwa juu yangu mimi."

Kiplagat, ambaye ni mtu wa Cherangany, alichukua kalamu mezani akampa kwa heshima. Nelima akaitazama ile kalamu, akamtazama Kiplagat.

"Ya nini?"

"Si umesema kalamu, mama."

"Kalamu ya chakula," Nelima akasema. "Watu kula."

Abdikarim alikohoa, akaeleza kwamba mama anasema karamu. Kiplagat akaomba radhi. Wilkista alikuwa ametazama dirishani wakati huo wote, na mabega yake yalitikisika mara moja.

Ndipo Nelima akafungua fundo la kitambaa na kuweka flashi mezani. Alisema yeye hana maneno mengi, video itasema. Chepchumba alitaka kujua ni ndefu kiasi gani, na Abdikarim akajibu kwamba ni mazishi ya Kibukusu, Madam. Chepchumba akavaa miwani, akamwambia Kiplagat ageuze kompyuta wote waone. Watu waliokuwa wamepanga foleni mlangoni nao wakasogea, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na mambo yao hayakuwa na haraka kama walivyokuwa wakisema.

Video ilianza na picha ya Bramwel akiwa amekaa juu ya greda. Maua mekundu yakaanguka kutoka juu, njiwa wawili wakapita, na maandishi makubwa yakatokea: SAFARI YA MWISHO YA BRAMWEL KISHA.

"Kisha nini?" Kiplagat akauliza.

"Ni Khisa," Abdikarim akasema. "Hiyo tutarekebisha."

Gari la maiti likaingia bomani. Mbele yake, akitembea kinyumenyume na kulielekeza kwa mikono miwili kama askari wa barabarani, alikuwa Nelima. Jeneza likatolewa, na Nelima alikuwa ameshika kona. Watu wakapewa viti, na Nelima ndiye aliyewaonyesha pa kukaa, akamwinua mzee mmoja aliyekuwa amekaa vizuri kabisa, akamketisha mahali palepale tena baada ya kufuta kiti. Padri alisoma wasifu wa marehemu, na alipotaja mwaka wa kuzaliwa sauti ilisikika kutoka pembeni ikisahihisha. Kamera iligeuka kumtafuta mwenye sauti, ingawa haikuwa lazima. Alionekana kwa wachimba kaburi akiangalia kina. Alionekana kwa kwaya akiimba sauti ya kwanza, kisha ya pili.

Hapo mlangoni mama mmoja wa foleni alisema kwa sauti ya chini kwamba huyu mjane ana nguvu kweli. Chepchumba mwenyewe alikuwa ameshika kidevu.

"Kwa hiyo wewe ndio mke?" akamuuliza Nelima.

"Mimi ni dada."

"Na mke ni nani?"

Wote wakamgeukia Wilkista, kama watu waliokumbushwa kitu. Kwenye video nzima mpaka pale alikuwa hajaonekana hata kivuli. Nelima aliketi vizuri zaidi kwenye kiti chake. Alikuwa na haki yake na sasa ilikuwa inaonekana kwa macho ya serikali.

Kisha emsii alisikika akisema ni wakati wa kumpa nafasi mjane, aseme machache kuhusu mumewe. Kamera ikageukia nyumba. Mlango ulikuwa umefungwa. Kabla haujafunguka, Nelima aliingia katikati ya picha, akapokea maikrofoni, akasema mjane amelemewa na kwamba yeye ataongea kwa niaba yake. Akaongea. Aliongea juu ya utoto wa Bramwel, funza aliomtoa kwa pini, baiskeli ya babake waliyoivunja, na kwa sababu mheshimiwa mmoja alikuwepo, aliongea pia juu ya bei ya miwa. Chepchumba aliomba Kiplagat apeleke mbele kidogo. Alipeleka mbele, na Nelima bado alikuwa anaongea. Akapeleka tena. Hatimaye emsii alionekana akiomba kwa mikono miwili, akisema muda umeenda, na msafara wote ukaelekea kaburini.

Kiplagat akasimamisha video.

"Mama," akamwambia Wilkista, kwa upole uleule wa siku ya kwanza, "wewe ulikuwa wapi?"

Wilkista alikaza fundo la leso yenye karatasi. Alikuwa ameapa hatamwambia mtu, kwa sababu aliona kuwaambia watu ni kuomba kuhurumiwa. Lakini aliulizwa vizuri.

"Nilikuwa ndani. Niliambiwa nikae ndani, nitaitwa."

"Nani alikuambia?"

Wilkista alionyesha kwa kidevu.

"Nilikuambia ngoja nakuja kukuchukua," Nelima akasema.

"Ndio," Wilkista akasema. "Nikangoja."

  Kiplagat, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akabonyeza video ikaendelea.

Jeneza likashuka. Udongo ukaanza kumwagwa, na sauti yake kwenye zile spika ndogo za kompyuta ilikuwa kama ya mtu anayegonga mlango. Pembeni kabisa ya picha, nyuma ya mabega ya watu, mwanamke alikuja akikimbia kutoka upande wa nyumba. Alikuwa Wilkista. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu cheusi cha kufunga, na mwingine ulikuwa na sandali ya bafuni, ya kijani, kubwa, ya mwanamume. Alijaribu kupita kulia, watu hawakumwona. Akajaribu kushoto. Akasimama nyuma yao kwa ncha za vidole, akinyoosha shingo.

Mtu mlangoni alianza kucheka kwa ajili ya ile sandali, akaacha katikati.

"Ilisikika udongo," Wilkista akasema, kama anayejitetea kuhusu viatu. "Nilikuwa nimetoa viatu kwa sababu miguu ilivimba. Nikashika chochote."

Nelima alikuwa ameinuka akaenda karibu na kompyuta. Alimwomba Kiplagat arudishe nyuma, akarudisha. Alitazama tena mwanamke yule akitoka mbio nyumbani, akijaribu kulia, akijaribu kushoto. Aliomba mara ya tatu. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuisikia ikiwa ndogo, Abdikarim alidhani ameugua.

"Nilisahau," akasema. "Nilikuwa nakuja kukuchukua, kweli ya Mungu. Halafu gari ya mheshimiwa ikaziba njia ya wapishi, nikaenda kuitoa. Halafu mambo mingi. Nikasahau wewe. Tulipomaliza kuzika nikakuona ndani umenuna, nikajua ni wewe ulikataa kutoka."

"Mimi nilijua umefanya makusudi," Wilkista akasema.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungenipa nafasi saa ngapi?"

Chepchumba alivua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Alisema anadhani wameona ya kutosha, na Kiplagat akapeleka mkono kuzima. Lakini alichelewa kidogo, kwa sababu naye alikuwa amevutwa na yale yaliyokuwa yakiendelea, na video ilikuwa imefika ile sehemu ambayo Sabiha hukata.

Ilikuwa picha ya kaburi lililokwisha kufukiwa na viti vitupu. Kwa mbali zilisikika sahani na watu wakiitana kwenda kunawa mikono. Kuku alipita. Mbwa akalala kwenye kivuli cha tenti. Kisha Nelima akaingia peke yake, akatazama nyuma kama mtu anayeiba, akavua kitambaa chake cha kichwa, na kukaa chini kwenye udongo, na ile nguo yake nyeupe.

"Zima hiyo," Nelima wa ofisini akasema.

Hakuna aliyezima. Nelima wa kwenye video alikuwa anasema na ndugu yake. Alimwambia kwamba yule fundi wa jeneza amewadanganya, vishikio si vya shaba, ni rangi tu, asivishike sana. Akamwambia wageni walikuwa wengi kuliko wa yule tajiri wa ng'ambo ya mto. Akamwambia mke wake amekataa kutoka nje, lakini asimkasirikie, ana uchungu. Halafu akaupapasa ule udongo kama mtu anayelaza mtoto, na watu wa ofisini wakafikiri amemaliza.

"Wewe tu ndio ulikuwa unaniambia, dada, nyamaza kidogo," akasema mwishowe. "Wengine wote wananiogopa. Sasa ni nani ataniambia ninyamaze?"

Ofisini, Nelima alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Wilkista alikuwa anaitazama ile kompyuta. Hakuwahi kufikiri kwamba mwanamke huyu alikuwa amefiwa. Alikuwa akimwona kama mtu aliyepewa kazi.

"Nitakuambia mimi," akasema.

Nelima aliondoa mikono usoni, akamtazama kwa mshangao. Kwa muda kidogo ilikuwa vigumu kujua ni tusi au ni nini. Kisha Nelima akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Wilkista naye akashikwa, na yule mama wa foleni akaingia ndani kabisa akawapa leso yake wagombanie. Abdikarim alikuwa anatazama dari. Alisema baadaye kwamba amepiga picha za mazishi mengi sana lakini hakujua zile sehemu zinazokatwa zina nini.

Chepchumba aliwaacha wamalize. Halafu, kwa kuwa serikali bado ilitaka jibu, akauliza basi faili iandikwe jina la nani.

"Andika yeye," Nelima akasema. "Yeye ndio mke. Alikaa na yeye mpaka mwisho."

"Hapana," Wilkista akasema. "Andika Mama Emmy. Mimi nimeona kwa macho yangu, ni yeye alimzika. Hata padri hakufanya kazi kama yake."

"Mimi siwezi kuchukua kitu ya mjane."

"Na mimi sitaandikwa kitu sikufanya."

Nelima akasema kama ni hivyo yeye anaondoa ombi lake. Wilkista akasema hata yeye anaondoa lake. Kiplagat, aliyekuwa na vidole juu ya kompyuta, aliwasihi wasiondoe wote, maana mashine ikikosa mwombaji kabisa itaonyesha kwamba marehemu hakuzikwa, na hapo italazimu barua itoke Nairobi. Kila mmoja akakunja mikono. Kiplagat akamnong'onezea mkubwa wake kwamba mgogoro bado upo, ila umegeuka, na hajui ni kifungo gani cha kubonyeza kwa mgogoro wa namna hii.

Chepchumba aliinuka. Alisema yeye ana watu mlangoni, na kwamba wale waliokufa hawagombani hivi. Jina litakuwa la mke, na dada ataweka sahihi kama shahidi wa mazishi, kwa sababu Mungu anajua hakuna aliyeyashuhudia kuliko yeye. Akamwambia Kiplagat ampe mama kalamu. Safari hii Nelima aliipokea.

Waliposhuka ngazi, Nelima alianza kueleza namna wangeifanya ile simiti, nani aitwe, mchanga utoke mto gani, na kama wajenge kijipaa. Wilkista alimshika mkono akamwambia waende kwanza wale kitu, kwa vile hakuwa amekula tangu jana kwa ajili ya hofu. Waliingia hoteli moja karibu na soko, wakala matumbo na ugali, Abdikarim akaomba maharagwe kwa sababu hakuwa na uhakika na mchinjaji, na Nelima akamlipia.

Msaada ulitoka baada ya miezi, wakati watu wameshasahau kuuliza. Haukuwa mkubwa kama Kimaiyo alivyofikiri, lakini ulitosha simiti na fundi, na ukabaki kidogo ambao Wilkista aliufanya chai ya majirani wa Kabuchai. Siku hiyo ya chai alipewa maikrofoni. Alisema kwamba mumewe alikuwa mtu mzuri, akashukuru watu, akakaa. Wengi walisema ni hotuba fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa katika boma lile, na waliisifu kwa hiyo sababu, ingawa si mbele ya Nelima.

Mahindi ya Kachibora yalipokauka, Nelima alikuja kusaidia kupukuchua. Alisema atakaa mpaka Jumapili. Jumapili ilipita akiwa ameshapanga upya masufuria ya Wilkista, amemfukuza mteja mmoja wa maziwa ambaye alimwona ana tabia mbaya, na kisha amemfuata mpaka kwake kumrudisha baada ya kuambiwa ndiye anayenunua mengi kuliko wote.

Mchana mmoja walikaa uani, rundo la magunzi kati yao, na Nelima akaanza kusimulia ujana wa Bramwel. Wilkista alisikiliza kwa hamu, kwani mumewe hakuwa mtu wa kujisimulia. Nelima alisema Bramwel alichelewa sana kuanza kuongea. Watoto wa rika lake walikuwa tayari wanatukanana, yeye kimya. Mama yao aliogopa ni bubu, akampeleka kwa daktari Bungoma, na daktari akamuuliza mtoto maswali yote, na mtoto hakujibu hata moja.

"Kwa hiyo daktari aliuliza maswali yote?" Wilkista akasema. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Mimi ndio nilimbeba."

"Na ni nani alikuwa anajibu?"

Nelima aliacha kupukuchua. Alilishika gunzi lile mkononi akifikiri, midomo ikitikisika kidogo, kama mtu anayerudia mazungumzo ya zamani neno kwa neno kuona aliyasema nani.

"Ni mimi," akasema. "Yote."

Wilkista akamsogezea mahindi mengine, na wakaendelea.